Hesabu ya Anga: Kuongozwa kwa Ndege na Kuchelewa kwa Safari katika Marekani, 1929 hadi 2025

Marekani ni miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuona anga lake likijaa ndege hata ikalazimika kuzigawia nafasi, na imekaa na taabu hiyo karibu karne nzima. Kwa hiyo mwenye kutaka kufahamu kwa nini abiria aliyekwisha pimiwa mizigo yake na kufunga mkanda wake huambiwa angoje saa mbili, ilhali mbingu ni nyeupe na ndege ni nzima, hana pa kuanzia pema kuliko historia ya nchi hiyo. Siku hizi safari zaidi ya 40,000 hupita kila siku mikononi mwa waongoza ndege wake, na kila moja huhitaji vitu vitatu visivyoongezeka kwa kutamaniwa tu: njia ya kurukia na kutua, kipande cha anga kilicho wazi mbele yake, na mtu aliyefundishwa, aliye macho, mwenye mitambo mizima, wa kuthibitisha kwamba kipande kile hakina mwingine ndani yake. Kimojawapo kikipungua, hapana budi safari zingoje. Masimulizi haya yanakusudia kubainisha jinsi nchi yenye mali nyingi na ilmu nyingi ilivyofikia hali ambayo kipungukacho zaidi ni hicho cha tatu, yaani mtu na mtambo wake, na jinsi upungufu huo ulivyozaliwa na maamuzi ambayo tarehe zake zinajulikana.

Bendera, ubao na simu: 1929–1945

Mwaka 1929, katika uwanja wa Lambert mjini St. Louis, rubani mmoja aitwaye Archie League aliajiriwa kwa kazi ambayo nchini mwake haikuwa na jina bado. Alisukuma toroli lake hadi ukingoni mwa uwanja, likiwa na kiti, mwavuli wa kumkinga na jua, chakula cha mchana, daftari, na bendera mbili: moja ya mirabamraba, ambayo rubani akiiona alijua kwamba ana ruhusa ya kwenda, na nyingine nyekundu, iliyomwamuru asubiri. Bendera ile nyekundu ndiyo asili ya kila kuchelewa kutakakosimuliwa hapa, kwa maana tangu siku ile mtu aliyesimama ardhini alikuwa na mamlaka ya kumzuia mwenzake asiruke, wala si kwa ubovu wa ndege yake, bali kwa kuwa zamu yake haijawadia. League mwenyewe aliendelea na kazi hiyo, akapanda daraja hata akawa mmoja wa wakuu wa kuongoza ndege katika serikali kuu.

Mwaka uliofuata mji wa Cleveland ukasimamisha mnara wenye redio, na miji mingine ikafuata. Lakini mnara huona mpaka jicho lifikapo, na kufikia katikati ya miaka ya thelathini marubani wa kampuni kubwa walikuwa wamejifunza kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea saa na mishale ya vyombo vyao, pasipo kuona mbele wala pembeni. Siku za ukungu ndege kadhaa zilielekea kwa pamoja katika uwanja wa Newark, uliokuwa na shughuli nyingi kuliko vyote wakati huo, kila rubani akijua mahali alipo yeye tu na asijue walipo wenzake. Hofu ya mgongano ndiyo iliyozikutanisha kampuni ambazo katika biashara zilikuwa mahasimu, zikaafikiana kulipia kwa pamoja kituo cha kwanza cha kuongozea ndege zilizo safarini, kilichofunguliwa Newark tarehe 1 Desemba 1935.

Kituo hicho kilikuwa chumba chenye ubao, ramani mezani na simu. Mwongoza ndege hakuweza kusema na rubani: alimpigia simu karani wa kampuni, na karani akampasha rubani habari kwa redio, kisha jibu likarudi kwa njia ile ile. Juu ya ramani vilisogezwa vipande vidogo vya madini, kila kimoja kikiwa ni ndege, na vilisogezwa kwa makadirio, kwa kuwa hapana mtu ardhini aliyeziona ndege zenyewe. Tarehe 6 Julai 1936 serikali kuu ilivitwaa vituo vitatu vilivyokuwapo, Newark, Chicago na Cleveland, na tangu hapo anga la nchi likawa amana ya umma, likilishwa kutoka hazina ya umma na kutawaliwa na maamuzi ya Bunge. Vita Vikuu vya Pili viliiongezea serikali minara ya viwanjani, na wanawake wengi wakaingia kazini kujaza nafasi za wanaume waliokwenda vitani.

Msiba wa Grand Canyon: 1945–1960

Vita vilipokwisha, rada ilikuwa imekwisha julikana na kujaribiwa, na ndege za kiraia zenye injini nne zilikuwa zikibeba watu wengi kwenda mbali kuliko zamani. Lakini Bunge, likiwa na haja ya kupunguza matumizi, liliinyima idara ya anga fedha mwaka baada ya mwaka, na kwa hiyo waongoza ndege wa miaka ya hamsini walifanya kazi kwa njia isiyopishana sana na ile ya Newark. Palipokosekana rada, kaida ilikuwa kuziachanisha ndege mbili zilizo katika kimo kimoja kwa dakika kumi za safari, kwa kuwa mahali pa ndege palijulikana kwa taarifa ya rubani tu. Dakika kumi za ndege iendayo maili 300 kwa saa ni maili 50 za anga tupu. Hali ya hewa ilipokuwa njema marubani waliruka kwa macho yao na hesabu hiyo haikuonekana. Hali ilipochafuka, wote wakaomba kuongozwa kwa wakati mmoja, ikadhihiri jinsi nafasi zilivyo chache. Tarehe 15 Septemba 1954, siku ambayo magazeti yaliiita Jumatano Nyeusi, mawingu yaliufunika mji wa New York na safari za maelfu ya watu zikavurugika.

Kampuni za ndege hazikupenda kungoja, na sheria iliziachia mlango: rubani aliyetoka katika njia rasmi na kuruka penye mwanga alikuwa huru, akiwa na wajibu mmoja tu, wa kuona na kuonekana. Asubuhi ya tarehe 30 Juni 1956 ndege mbili ziliondoka Los Angeles, ya TWA saa tatu na dakika moja, ya United dakika tatu baadaye, moja ikielekea Kansas City na nyingine Chicago. Ile ya TWA iliomba kupanda hadi futi 21,000, ikanyimwa kwa sababu mwenzake alikuwa amepewa kimo hicho. Ikaomba ruhusa ya kuruka futi 1,000 juu ya mawingu, ikapewa, na kwa kuwa mawingu yalikuwa yamepanda, ikajikuta katika kimo kile kile ilichonyimwa. Zote mbili zilitoa taarifa kwamba zingevuka mstari mmoja wa jangwa la Arizona saa nne na dakika 31, na taarifa hizo zilifika kwa mwongoza ndege wa Salt Lake City. Lakini mahali pale palikuwa nje ya anga linaloongozwa, na sheria haikumtwika wajibu wa kumwonya yeyote. Ndege ziligongana juu ya bonde la Grand Canyon, na watu wote 128 waliokuwamo wakafa.

Nimekaa juu ya tukio hili kwa kuwa ndani yake mna kiini cha mambo yote yaliyofuata. Anga pale halikuwa limejaa: ndege zilikuwa mbili tu katika uwanda mpana wa jangwa, mchana, na habari za zote mbili zilikuwa mezani kwa mtu mmoja. Kilichokosekana ni mtu aliyepewa dhima, na mtambo wa kumwonyesha kile alichokuwa akikisoma katika karatasi. Taifa lilishituka, fedha za rada zilizozuiwa miaka kumi zikapatikana kwa miezi michache, na baada ya ndege za jeshi kuzigonga ndege mbili za abiria katika majira ya kuchipua ya 1958, Rais Eisenhower alitia sahihi, tarehe 23 Agosti mwaka huo, sheria iliyounda mamlaka moja ya anga, ijulikanayo hadi leo kwa herufi FAA, na kumweka juu yake jemadari Elwood Quesada.

Rada peke yake haikutosha, kama ilivyobainika tarehe 16 Desemba 1960, ndege ya jeti ya United, ambayo chombo chake kimoja cha kuonyesha njia kilikuwa kimekufa, ilipopita mahali ilipoamriwa kungoja juu ya New York na kuigonga ndege ya TWA. Watu 134 walifariki, sita kati yao wakiwa ardhini. Tangu hapo mwendo wa ndege zilizo karibu na viwanja uliwekewa mpaka, nafasi kati ya ndege na ndege ikalindwa kwa ukali zaidi, na abiria akaanza kulipa kwa kungoja ili kupata usalama ambao zamani hakuwa nao.

Jeti, foleni na mpaka wa kwanza: 1960–1978

Jeti zilifupisha safari na kushusha nauli, watu wakamiminika viwanjani, na kufikia mwaka 1968 ndege zilizokaribia New York jioni zilizunguka angani kwa zamu, zikiwa zimepangwa moja juu ya nyingine kwa futi 1,000, zikichoma mafuta huku zikingoja ya chini itue ndipo zote zishuke daraja moja. Mwaka huo huo waongoza ndege walianzisha chama chao, PATCO, na mwezi wa Julai wakafanya jambo lililowafunua macho watu wengi: hawakugoma, bali walishika kanuni neno kwa neno, wakaziachanisha ndege kwa umbali ulioandikwa bila kupunguza hata robo maili. Safari zikachelewa nchi nzima. Basi ikathibitika kwamba ratiba zilizouzwa kwa umma zilisimama juu ya waongoza ndege kujibana, siku kwa siku, chini ya kiasi ambacho serikali yenyewe ilikitaja kuwa ndicho salama. Na mimi sijui ushahidi mzito kuliko huo juu ya serikali iliyoahidi safari nyingi kuliko nguvu ilizoziandaa.

Jawabu la serikali lilikuwa la namna mbili. Kwanza, kuanzia Juni 1969, viwanja vitano viliwekewa idadi ya safari kwa saa: O'Hare wa Chicago 135, Kennedy 80, na LaGuardia, Newark na uwanja wa Washington 60 kila kimoja. Pili, mwaka 1970 Bunge liliweka ushuru wa asilimia 8 juu ya tikiti na kuunda mfuko wa viwanja na njia za anga, na FAA ikafungua mjini Washington chumba kimoja cha kutazama mtiririko wa ndege katika nchi yote, ili ndege ya California isiruhusiwe kuondoka kwenda mahali ambako tayari pamefungika. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, kuzunguka angani kukawa hasara isiyovumilika, na wakuu wa anga wakazidi kushika busara wanayoijua manahodha, kwamba jahazi lingojalo bandarini ni heri kuliko lihangaikalo baharini. Kungoja kukaanza kuhamishwa, kidogo kidogo, kutoka mbinguni kuja ardhini.

Kisha tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Carter akatia sahihi sheria iliyoziachia kampuni za ndege uhuru wa kuchagua njia na nauli zao. Umma ulifaidika kwa nauli nafuu, jambo lisilopingika. Lakini kampuni, zikitafuta kujaza viti, zilikusanya safari zao katika vitovu vichache, ambako makumi ya ndege yalitua kwa pamoja, yakabadilishana abiria, yakaruka kwa pamoja. Mizani ya zamani kati ya safari na waongoza ndege ilivunjwa upande mmoja: kampuni ziliweza kuongeza safari kwa mwezi mmoja, ilhali mwongoza ndege hufundishwa kwa miaka.

Agosti 1981

Waongoza ndege wa wakati ule walilalamikia mitambo iliyozimika mbele ya macho yao, saa za ziada za kulazimishwa, na afya zilizoharibika kabla ya umri. Katika uchaguzi wa 1980 chama chao kilimuunga mkono Ronald Reagan, aliyemwandikia rais wa chama, Robert Poli, barua ya kuahidi mitambo ya kisasa na watu wa kutosha. Mazungumzo ya mwaka uliofuata yalivunjika: chama kilidai nyongeza ya dola 10,000 kwa kila mmoja na juma la kazi la saa 32, na wanachama wakakataa kwa kura nyingi mno mapatano yaliyoletwa kwao. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1981 waongoza ndege wapatao 13,000 waliacha kazi, ingawa sheria iliwakataza watumishi wa serikali kuu kugoma. Rais Reagan aliwapa saa 48 warudi kazini. Tarehe 5 Agosti, waliobaki nje, watu 11,345, walifukuzwa kazi na kuzuiwa wasirudi tena.

Serikali ilikuwa imejiandaa. Wasimamizi wapatao 3,000, waongoza ndege 2,000 waliokataa kugoma, na askari 900 wa kazi hiyo walikaa mbele ya rada, na safari katika viwanja vikubwa zikakatwa, siku za mwanzo takriban nusu, hata idadi ya ndege ikalingana na idadi ya mikono. Minara midogo kadhaa ilifungwa. Hilo lilikuwa jambo la haki katika upande wa usalama, kwa maana FAA haikujaribu kulazimisha watu wachache wabebe mzigo wa wengi, ilipunguza mzigo. Ndipo kungoja ardhini, ambako hapo kabla kulikuwa dawa ya siku mbaya, kukageuka kuwa utaratibu wa kila siku: ndege iliyo Denver ilipewa dakika yake ya kuruka kwa kuhesabu dakika itakayotua Chicago, na ikiwa dakika hiyo haipo, injini hazikuwashwa.

Serikali ilishinda mgomo, na chama kikafutwa mwezi wa Oktoba. Hasara yake ilikuwa ya kimya zaidi. Kizazi kizima cha mabingwa kilitoweka kwa siku moja, na mahali pao wakaajiriwa vijana wa rika moja, karibu wote ndani ya miaka michache, katika kazi ambayo sheria inamlazimu mtu kuistaafu akifika miaka 56. Mwenye kuhesabu aliweza kujua tangu 1982 kwamba robo karne baadaye vijana hao wangeondoka kwa pamoja kama walivyoingia. Rais Clinton aliwaondolea waliofukuzwa marufuku ya kurudi mwaka 1993, na mia kadhaa tu wakarudi.

Dakika 15 na mtambo usiokamilika: 1982–1999

Safari zilirudi upesi kuliko waongoza ndege. Kufikia 1984 kuchelewa kulizidi hata serikali ikaziruhusu kampuni, zilizokatazwa kwa kawaida kupatana, zikae pamoja na kusogeza nyakati zao katika viwanja vilivyosongamana. Mwaka 1987 kampuni kubwa ziliamriwa kutangaza ni safari ngapi zinafika kwa wakati, na ikawekwa kanuni kwamba ndege ifikayo ndani ya dakika 15 za muda wake haihesabiwi kuwa imechelewa. Nia ilikuwa njema, lakini kampuni zilijibu kwa kurefusha muda ulioandikwa katika ratiba, kiasi kwamba njia iliyokuwa ikiandikwa saa moja na nusu ikaandikwa karibu saa mbili, na sehemu ya kungoja ikazikwa ndani ya ratiba ambamo hapana takwimu inayoifichua.

Wakati huo huo FAA iliweka tumaini lake katika mitambo. Mwaka 1988 kampuni ya IBM ilipewa mkataba mkubwa wa kubadili kompyuta na skrini zote za waongoza ndege, kwa sharti kwamba mtambo usizimike zaidi ya sekunde tatu kwa mwaka. Sharti hilo lilizidi uwezo wa wakati ule, matakwa yakabadilishwa kila mara, gharama ikapanda mara kadhaa, na mwaka 1994 mkuu wa FAA, David Hinson, akaukata mradi baada ya fedha nyingi mno kupotea. Waongoza ndege wakaendelea na vipande vyao vya karatasi, kila kimoja kikiwa na jina la ndege moja, wakivisogeza kwa mkono. Na katika vituo vingi vipande hivyo vipo hata sasa.

Yapasa hapa kueleza ni kwa nini mtambo mpya, hata ungekamilika, usingemaliza kungoja. Uwanja wa San Francisco una njia mbili za kutulia zilizo sambamba, zilizoachana futi 750 tu. Siku ya jua marubani wawili huonana na kutua bega kwa bega, na uwanja hupokea ndege zipatazo 60 kwa saa. Ukungu wa bahari ukiingia, kama uingiavyo asubuhi nyingi za kiangazi, haiwezekani kutua isipokuwa kwa mstari mmoja, na uwezo hushuka hadi kiasi cha 30. Kampuni hupanga ratiba kwa hesabu ya jua. Ni uamuzi wa biashara, wala si kudra ya mawingu, unaoamua ni watu wangapi watakaolala kwenye mabenchi siku ile.

LaGuardia na vizuizi vilivyorudi: 2000–2008

Mwaka 2000 Bunge, likitaka miji midogo ipate safari za New York, lilitoa katika mpaka wa 1969 misamaha mingi kwa LaGuardia na kuamuru mipaka yenyewe ifutwe baadaye. Ndani ya miezi michache kampuni ziliongeza mamia ya safari katika uwanja wenye njia mbili zinazokatana, na kufikia Septemba mwaka huo takriban robo ya kuchelewa kote kwa nchi ilitoka katika uwanja huo mmoja. Serikali ililazimika kupiga kura ya bahati ili kuamua safari zipi zibaki.

Septemba ya mwaka uliofuata ilionyesha uwezo wa chumba kile cha mtiririko kilichoanzishwa 1970. Tarehe 11, siku ya mashambulizi ya kigaidi, Ben Sliney, ambaye siku hiyo ilikuwa ya kwanza kwake katika kiti cha msimamizi wa shughuli za nchi nzima, aliamuru ndege zote zilizo angani zitue, na zaidi ya ndege 4,000 zikatua salama kwa muda wa saa chache, katika viwanja ambavyo nyingi hazikukusudia kwenda. Watu wale wale ambao umma uliwajua kwa kuzuia safari walilitoa anga lote bila ajali.

Abiria walipungua, kisha wakarudi. Mwaka 2005 umbali wa wima katika anga la juu ulipunguzwa kutoka futi 2,000 hadi 1,000, kwa kuwa vyombo vya kupimia kimo vilikuwa sahihi zaidi, na sakafu sita mpya zikapatikana kati ya futi 29,000 na 41,000. Huo ulikuwa uwezo wa kweli, uliopatikana kwa ilmu. Lakini anga la juu halikuwa ndiko kwenye msongamano. Mipaka ya Kennedy ilipofutwa rasmi Januari 2007, kampuni zilijaza saa za jioni mpaka kiangazi hicho kikawa cha maudhi makubwa, na mwaka uliofuata mipaka ikarudishwa, safari 81 kwa saa, kwa Kennedy na kwa Newark pia.

Wakati wote huo kizazi cha 1981 kilikuwa kikifika umri wa kuondoka, na mwaka 2006 serikali, baada ya kushindwa kuafikiana na chama kipya cha NATCA, iliwawekea masharti ya kazi na mishahara ambayo wengi hawakuyaridhia. Basi waliokuwa na haki ya kustaafu hawakungoja kufika 56.

Viti vitupu: 2013–2025

Yaliyofuata ni mfululizo wa milango iliyofungwa. Mwaka 2013 makato ya bajeti yalifunga chuo cha waongoza ndege cha Oklahoma City kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kuwapeleka waliopo likizo isiyo na malipo, hata Bunge likarudi upesi kurekebisha safari zilipoanza kuchelewa. Mwishoni mwa 2018 serikali, kwa mvutano wa bajeti, ilifungwa siku 35 na chuo nacho kikafungwa. Tarehe 25 Januari 2019, watu wachache tu walipokosekana kazini, LaGuardia ilizuiwa kwa muda, na siku hiyo hiyo mvutano wa Washington ukapata suluhu. Ugonjwa wa korona ulikatiza mafunzo tena mwaka 2020. Kila mlango uliofungwa haukuhisiwa mwaka ule. Ulihisiwa miaka mitatu baadaye, pale ambapo mwanafunzi ambaye hakuingia chuoni alipotakiwa kukaa mbele ya rada. Mkaguzi wa serikali alipotazama mwaka 2023, kituo kinachoongoza ndege zinazokaribia New York kilikuwa na asilimia 54 ya waongoza ndege waliopangiwa.

Mitambo nayo ilichoka. Tarehe 11 Januari 2023 mfumo wa kuwapelekea marubani ilani za hadhari ulizimika, baada ya mafundi kufuta mafaili kwa bahati mbaya, na asubuhi ile safari za nchi nzima zikazuiwa zisiondoke. Mwaka 2024, kwa kukosa watu New York, uongozaji wa ndege za Newark ulihamishiwa Philadelphia, na habari za rada zikaletwa huko kwa nyaya. Tarehe 28 Aprili 2025 nyaya hizo zilinyamaza, na kwa muda wa sekunde 90 hivi watu waliokuwa na ndege mikononi hawakuona wala kusikia kitu. Baadhi yao waliomba likizo ya mshituko, na Newark ikawekewa kiwango cha ndege 28 za kutua na 28 za kuruka kwa saa, kisha 34 na 34. Abiria waliokasirika viwanjani walistahili kuambiwa wazi kwamba kungoja kwao kulikuwa ndiyo kazi iliyofanywa sawasawa siku zile.

Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 29 Januari 2025, ndege ya abiria na helikopta ya jeshi ziligongana juu ya mto Potomac karibu na uwanja wa Washington, wakafa watu 67. Mnarani usiku ule mtu mmoja alikuwa ameshika nafasi mbili, ya ndege na ya helikopta. Uwanja huo ni mmoja wa vile vitano vilivyowekewa mpaka mwaka 1969, na mwaka 2024 Bunge, ambalo wajumbe wake wengi huutumia, lilikuwa limeuongezea safari tano za kwenda na kurudi kwa siku, juu ya onyo la maseneta wa majimbo ya jirani kwamba umejaa.

Mwezi wa Julai 2025 Bunge lilitoa dola bilioni 12.5 kwa mitambo mipya. Tarehe 1 Oktoba serikali ikafungwa tena, siku 43, na waongoza ndege wakafanya kazi bila mshahara. Wengi walipochoka, FAA iliamuru kuanzia tarehe 7 Novemba safari zikatwe katika viwanja 40 vikubwa, kwanza asilimia 4, kisha 6, kama zilivyokatwa Agosti ya 1981 na kwa sababu ile ile, kwamba mikono ilikuwa michache kuliko ndege.

Mwongoza ndege mpya huajiriwa kabla ya kutimiza miaka 31, hupita Oklahoma City, kisha hujifunza kituoni kwake miaka miwili au mitatu, na katika vituo vigumu kama cha New York wengi hawafuzu. Hukumu yangu ni kwamba dola zile bilioni 12.5 zitanunua rada, redio na nyaya, na vitu hivyo vilihitajika sana; lakini safari za mwaka 2029 zitafika kwa wakati, au zitachelewa, kwa idadi ya vijana watakaopokewa chuoni mwaka huu na mwaka ujao, na Bunge linalotaka zifike halina ruhusa ya kukifunga chuo kile hata kwa siku moja.